Shahidi Anayechelewa: Kichaa cha Mbwa, Maji ya Mgongo na Vijiji vya Musoma

Musoma haitajwi sana kwenye maandishi ya dunia. Ikitajwa, ni kwa sababu ya Butiama: Mwalimu kazaliwa pale, kazikwa pale, na mwandishi anaupita mji wetu kwa sentensi moja ya usafiri, labda na neno kuhusu mawe na ziwa, kisha anaendelea na safari yake. Ndiyo maana mtu wa Buhare kama mimi akilikuta jina la wilaya yake mahali asipolitegemea, anasimama na kulisoma mara mbili.

Mimi nililikuta kwenye makala ya kisayansi ya mwaka 2003 kuhusu kuchanja mbwa. Mhusika mkuu wa makala ile ni wilaya ya Serengeti, majirani zetu wa upande wa Mugumu. Kati ya Oktoba 1996 na Februari 2001 mbwa wa vijiji vyake walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na watafiti wakiongozwa na Sarah Cleaveland wakahesabu kilichofuata. Baada ya kampeni ya kwanza ugonjwa ulishuka kwa asilimia 70. Baada ya kampeni ya pili, asilimia 97. Na Musoma? Musoma imo pia. Ni pale ambapo mbwa hawakuchanjwa, na ambapo katika kipindi hichohicho ugonjwa haukubadilika kwa kiasi cha kusemwa.

Sisi tunaosoma riwaya tunamjua mhusika wa namna hii. Ni yule anayewekwa pembeni ya mwenzake ili mwenzake aonekane vizuri. Hasemi kitu, hana sura yake, kazi yake ni kubaki kama alivyokuwa.

Nisieleweke vibaya, silalamiki. Utafiti bila pa kulinganishia ni maneno matupu. Kama pasingekuwa na vijiji vya Musoma, mtu yeyote angeweza kusema ugonjwa umeondoka Serengeti wenyewe, kama mvua inavyokatika. Chanjo hazikuwa zimewekwa kabatini zikinyimwa watu. Na ushahidi uliopatikana ndio uliotumika baadaye kuomba fedha za kuchanja mbwa kwingine. Haya yote nayakubali. Lakini msomaji wa fasihi ana tabia mbaya ya kutaka kujua habari za mhusika mdogo. Miaka ile upande wa pili wa jedwali paliishi watu waling'atwa na mbwa, na wengine wao walikufa. Nani anajua habari zao, na amezijuaje?

Swali hilo lilinipeleka mbali kuliko nilivyotegemea, hadi kwenye mgongo wa binadamu.

Ubongo na uti wa mgongo vinaogelea. Vimezungukwa na maji meupe kabisa, kiasi cha mililita 150 kwa mtu mzima, ambayo wataalamu wanayaita ugiligili wa uti wa mgongo na sisi wengine tunayaita maji ya mgongo. Mwaka 1891 daktari Mjerumani Heinrich Quincke, aliyekuwa akifundisha Kiel, alieleza jinsi ya kuyafikia kwa sindano inayopita katikati ya pingili za kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Alikuwa anatafuta kupunguza mgandamizo kichwani mwa wagonjwa wake. Kumbe alikuwa amefungua dirisha. Kuanzia hapo daktari aliweza kupata habari za ubongo wa mtu aliye hai bila kupasua fuvu lake.

Kipimo hicho kinaogopwa sana kwetu. Nani hajasikia kwamba ukichomwa mgongo hutatembea tena? Ukweli ni kwamba sindano inaingia mahali ambapo uti umeshakwisha na kubaki mishipa tu inayoelea. Ila hofu ina sababu zake: mgonjwa huchomwa akiwa tayari yu mahututi, akifa kesho yake, sindano ndiyo inayobeba lawama.

Miaka michache kabla ya Quincke, mwaka 1885, Mjerumani mwingine, Paul Ehrlich, alikuwa ameona jambo la ajabu. Aliingiza rangi kwenye damu ya mnyama, na viungo vyote vikachukua rangi ile isipokuwa ubongo. Yeye mwenyewe hakulielewa hivyo, lakini tunajua leo kwamba alikuwa amegusa ukuta. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, na si kila kinachotembea kwenye damu kinaruhusiwa kuvuka. Ubongo ni boma lenye lango, na lango lina mlinzi mkali.

Sasa tuje kwenye kingamwili. Hizi ni protini ambazo mwili unazitengeneza baada ya kukutana na adui, kila adui na kingamwili zake, na baadhi zinabaki kwenye damu miaka mingi baada ya vita. Ukitaka kujua mtu amewahi kukutana na nini, uliza damu yake. Lakini kingamwili nyingi ni kubwa mno kupita kwa wingi kwenye lile lango. Kwa hiyo daktari akizikuta nyingi ndani ya maji ya mgongo, kuliko zile chache ambazo zingeweza kupenya kutoka kwenye damu, ana haki ya kusema kwamba zimetengenezwa humohumo ndani. Adui ameshaingia bomani. Kingamwili za kwenye damu zinakuambia huyu mtu amekutana na virusi, labda mwaka jana, labda kwa njia ya chanjo. Za kwenye maji ya mgongo zinakuambia vita vinapiganwa kwenye mishipa ya fahamu.

Ni shahidi mzuri, ila ana kasoro zake. Mojawapo ni kuchanganya ndugu. Mwaka 1937 wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa homa ya manjano ya Entebbe, ng'ambo ya ziwa hili hili letu, walitoa damu kwa mwanamke mwenye homa katika wilaya ya West Nile, Uganda, na wakapata virusi ambavyo havikuwa vimejulikana. Wakavipa jina la wilaya. Miaka sitini na miwili baadaye, Agosti 1999, wazee wa mtaa wa Queens mjini New York walianza kulazwa na homa ya ubongo. Damu na maji ya mgongo vilipopimwa, kingamwili zikaonekana, na serikali ikatangaza jina: ugonjwa wa St. Louis, unaojulikana Marekani tangu miaka ya 1930. Wakati huohuo kunguru walikuwa wanadondoka mitaani, na daktari wa wanyama wa bustani ya Bronx, Tracey McNamara, akakataa kunyamaza, maana ugonjwa wa St. Louis hauui ndege. Mwisho wa Septemba ikajulikana kuwa ni virusi vya West Nile. Virusi hivyo viwili ni wa ukoo mmoja, na kingamwili za mmoja humshika hata mwenzake. Shahidi alikuwa amemwona mtu kweli, ila alitaja jina la binamu yake.

Kwa kichaa cha mbwa kasoro ni nyingine, na ndiyo mbaya zaidi. Shahidi anachelewa.

Virusi vya kichaa vinaingia kwa mate kupitia jeraha. Havikimbilii kwenye damu, ambako vingegunduliwa mapema. Vinaingia kwenye ncha za mishipa ya fahamu na kupanda taratibu kuelekea kwenye uti, kutoka mguuni au mkononi, kwa wiki au miezi, na muda wote huo mwili haujapata habari. Kwa wengi ni mwezi mmoja hadi mitatu. Wengine hukaa zaidi ya mwaka. Jeraha limeshapona na mbwa ameshasahaulika. Kisha siku moja pale palipong'atwa panaanza kuwasha, homa inakuja, koo linakaza kila mtu akijaribu kunywa. Kingamwili huanza kuonekana kwenye damu yapata wiki moja baada ya dalili, na kwenye maji ya mgongo huwa baadaye kuliko hapo. Wagonjwa wengi hufa kabla ya siku kumi na nne. Yaani ukichukua maji ya mgongo siku ya pili au ya tatu, yanaweza kuwa safi kabisa, na safi yale hayana maana yoyote. Wengi wanazikwa mwili wao ukiwa haujatamka neno hata moja kuhusu kilichowaua.

Bibi mmoja jirani yangu hapa Buhare alishuhudia kifo cha namna hiyo akiwa msichana. Nilimwamkia, tukaongea mambo ya mvua, kisha nikamuuliza walijuaje.

"Maji, mjukuu wangu," akasema. "Nyumba iko karibu na ziwa, na yeye hataki hata kikombe kiletwe chumbani."

Alichoeleza bibi ndicho kipimo ambacho watu wametumia kwa maelfu ya miaka, na bado kwenye zahanati nyingi ndicho kilichopo.

Kuna mahali pamoja ambapo shahidi wa mgongoni aliwahi kufika kabla ya mazishi, na kisa chake kinasimuliwa kila mahali. Septemba 2004, huko Wisconsin, Marekani, msichana wa miaka kumi na mitano, Jeanna Giese, alimwokota popo kanisani, popo akamng'ata kidoleni. Hakuchanjwa. Mwezi mmoja baadaye akaanza kuona vitu viwiliviwili na kupepesuka. Kwenye damu yake na kwenye maji yake ya mgongo zikakutwa kingamwili za kichaa, na kwa kuwa hakuwahi kupata chanjo, hazikuwa na maelezo mengine. Daktari Rodney Willoughby na wenzake wa Milwaukee wakamlaza usingizi mzito kwa dawa, kwa wazo kwamba ubongo upumzishwe mpaka mwili wenyewe umalize vita. Walifuatilia kingamwili zikipanda kwenye maji ya mgongo siku hadi siku. Akapona. Virusi vyenyewe havikuwahi kupatikana mwilini mwake; ushahidi wote ulikuwa zile kingamwili. Wapo waliosema labda msichana yule alikuwa na bahati ya kuzitengeneza mapema, na kwamba usingizi haukusaidia kitu. Njia hiyo ilijaribiwa kwa wengine wengi, na karibu wote walikufa.

Mimi nikisoma kisa hiki nawaza vitu vilivyotakiwa viwepo ili kiwezekane: daktari wa kushuku, maabara ya kupokea sampuli, ndege ya kuipeleka, kitanda cha wagonjwa mahututi kwa wiki kadhaa. Hapa kwetu Kwangwa kuna hospitali kubwa ya rufaa yenye jina la Mwalimu. Ujenzi wake ulianza zamani ukasimama kwa miongo kadhaa, kuta zikazoeleka kama sehemu ya mandhari, na kwa kizazi chetu "Kwangwa" lilikuwa karibu jina la utani la jambo lisiloisha. Sasa limeisha na wagonjwa wanatibiwa. Ila miaka ile ya jedwali, mtoto aliyepoteza fahamu kijijini alipelekwa mbali, na alipofika jina la ugonjwa wake lilikuwa limeshamtangulia: malaria imepanda kichwani. Au amerogwa.

Hili si la kukisia tu. Huko Blantyre, Malawi, madaktari walichunguza wagonjwa wa maambukizi ya mfumo wa fahamu na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Kati ya vifo 133, vifo 14 vilisababishwa na kichaa cha mbwa. Na kati ya wagonjwa 26 ambao vifo vyao vilikuwa vimeandikwa malaria ya ubongo, watatu walikufa kwa kichaa cha mbwa. Watatu kati ya ishirini na sita, katika hospitali kubwa, mbele ya wataalamu waliokuwa wakiutafuta. Sasa piga picha zahanati ya kijijini.

Basi mwaka 2002 Cleaveland na wenzake walifanya hesabu kwa njia ya kuzunguka. Waliona kwamba kusubiri vifo vithibitishwe ni kusubiri kisichokuja, wakaanza na majeraha: watu wangapi waling'atwa na mbwa wanaoshukiwa, sehemu gani ya mwili, wangapi walipata sindano, na kutokana na hayo wangapi huenda walikufa. Jibu la Tanzania nzima lilikuwa karibu watu 1,500 kwa mwaka. Walikiri kwamba njia nyingine ya hesabu inatoa idadi ndogo zaidi, watu mia kadhaa. Lakini hata hivyo pengo na daftari rasmi lilikuwa la kutisha. Huenda vifo vya kweli vilifika mara 100 ya vilivyoandikwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba karibu na sisi hapahapa, wanyama walikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko watu. Mapema mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kudondoka na kutetemeka kwa degedege. Wakafa kwa mamia, mpaka yapata theluthi moja ya simba wote wa hifadhi wakawa wametoweka, kama elfu moja hivi. Melody Roelke-Parker, aliyekuwa daktari mkuu wa wanyama wa hifadhi za taifa, na wenzake walionyesha kwamba ni virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, na kwamba virusi vya simba vilikuwa ndugu wa karibu wa virusi vya mbwa wa kufugwa. Ilipofika Agosti 1994, asilimia 85 ya simba walikuwa na kingamwili zake kwenye damu. Uzuri ni kwamba damu ya simba ilikuwa imekusanywa na kugandishwa kwa miaka mingi kabla ya hapo. Wakaitoa, wakaipima, na ile damu ya zamani ikasema jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelijua: virusi vya distempa vilikuwa vimeshapita kwa simba mara kadhaa huko nyuma, kimyakimya, bila kuacha maiti. Kwa hiyo simba wana historia iliyoandikwa. Walipougua mwaka gani wakapona, inajulikana.

Fisi nao wanayo. Utafiti wa mwaka 2001 uliona kingamwili za kichaa kwenye damu ya zaidi ya theluthi ya fisi waliopimwa Serengeti, na fisi wale walikuwa wazima, wanatembea, wanazaa. Wengine wakaanza kudhani porini kuna kichaa cha aina yake kinachojitegemea. Baadaye Tiziana Lembo na wenzake walipofuatilia vinasaba, wakaona aina moja tu ya virusi inazunguka eneo lote lile, ile ya mbwa wa kufugwa. Wanyamapori wanaambukizwa, lakini anayeubeba ugonjwa mwaka hadi mwaka ni mbwa wa nyumbani, yule anayelinda ng'ombe na kulala karibu na jiko. Kwa wilaya ya Serengeti amekuwa akiripotiwa na ugonjwa huo mfululizo tangu 1977.

Tena tuseme, mbwa wa Mara si mbwa koko. Ana mwenyewe. Huko ukuryani hasa, mbwa ni sehemu ya zizi. Na kwa kuwa ana mwenyewe, ana hadithi. Hapo ndipo historia ya watu wale wa upande wa pili wa jedwali ilipoanza kupatikana, na haikupatikana mgongoni mwa mtu yeyote.

Kuanzia mwaka 2002, kundi la watafiti, akiwemo Katie Hampson, lilianza kazi ambayo mimi naiona ni ya mwanahistoria kuliko ya daktari. Walichukua majina ya walioumwa na mbwa kutoka kwenye madaftari ya hospitali na zahanati, wakaenda nyumba hadi nyumba. Hawakuchukua damu. Waliuliza. Mbwa alikuwa wa nani? Alitokea upande gani? Alikuwaje siku ile? Kabla yako alimng'ata nani? Wakaenda kwa huyo aliyetajwa, wakauliza tena. Kwa mwenye mbwa wakauliza mbwa wake naye alipigana na mbwa gani wiki za nyuma. Hivyo hivyo, kutoka boma moja hadi jingine, wakarudi nyuma kwenye mnyororo mpaka unapokatikia.

Na watu wanakumbuka! Ukimuuliza mtu mzima wa kwetu habari za kichaa, hakupi tarehe. Anakupa mbwa: yule mwekundu wa kwa fulani, aliyekuja asubuhi watu wakienda shamba, akapita kwa mama nanihii, akang'ata ndama, akauawa pale mfuleni. Ni masimulizi kamili, yana njia, yana mashahidi, yana mwisho. Kwa miaka kumi na minne, kuanzia 2002 hadi 2015, katika wilaya ya Serengeti peke yake, maambukizi zaidi ya 3,000 ya wanyama yalifuatiliwa kwa njia hiyo. Kutokana na maneno ya watu zikapatikana namba ambazo maabara isingeweza kuzitoa: kwamba mbwa aliyeambukizwa huchukua wiki tatu hivi kabla ya kuugua, kwamba baada ya hapo ana siku kama tatu za kung'ata, na kwamba kwa wastani anaambukiza mbwa zaidi ya mmoja lakini hawafiki wawili. Hiyo ya mwisho ni habari njema kuliko inavyosikika. Surua hurukia watu kumi na zaidi. Ugonjwa unaomrukia mmoja na ushee unaweza kukatwa, na ndiyo maana kuchanja asilimia 70 ya mbwa kunatosha.

Hapa nitoe duku duku langu kuhusu riwaya. Mbwa mwenye kichaa yumo kwenye vitabu vingi maarufu. Kwa Harper Lee anatembea barabarani ili tujue baba mtulivu ana shabaha. Kwa Zora Neale Hurston, katika kitabu chake cha 1937, anamng'ata Tea Cake kwenye mafuriko ili Janie alazimike kumpiga risasi mtu anayempenda. Vitabu vikubwa, sibishi. Lakini hakuna hata kimoja kinachouliza mbwa yule alitoka wapi na alipita kwa nani kabla. Mnyama anatokea tu, kama radi. Wale waliokaa kwenye vigoda vya Serengeti na madaftari yao waliuliza swali ambalo watunzi walilipita.

Mambo mawili hayakubadilika tangu Louis Pasteur amchanje mtoto Joseph Meister wa miaka tisa, Julai 6, 1885. La kwanza, aliyeng'atwa anaokolewa kabla ya dalili au haokolewi: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha zifuate sindano zote, si mbili za mwanzo tu. Chanjo inampa mtu kingamwili kwenye damu wakati virusi bado viko njiani. La pili, sindano hizo ni ghali na hazipatikani kila mahali, na mzazi wa kijijini anauza mbuzi kwanza. Pasteur mwenyewe alianza kwa kuchanja mbwa. Tumezunguka miaka mia na zaidi kurudi palepale.

Tatizo la kuchanja mbwa wa vijijini limekuwa barafu. Chanjo hukaa kwenye friji, friji hutaka umeme, kwa hiyo timu hutoka mjini mara moja kwa mwaka na gari na mabegi ya barafu, hukaa siku moja kijijini, huondoka. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa kesho yake hukaa mwaka mzima bila kitu. Kisha wakajaribu kuona chanjo ile inavumilia joto kiasi gani. Miezi sita kwenye nyuzi 25, miezi mitatu kwenye nyuzi 30, halafu ikapigwa kwa mbwa wa Tanzania, na kingamwili kwenye damu yao zikapanda sawasawa na za mbwa waliopata chanjo ya friji.

Daktari wa wanyama Ahmed Lugelo na wenzake wakaenda hatua nyingine. Walitengeneza kifaa cha kuhifadhia chanjo kwa udongo, chungu ndani ya chungu, kinachopozwa na maji yanayokauka polepole kwenye kuta zake, jambo ambalo kila bibi mwenye mtungi wa maji ya kunywa analijua. Hakitaki umeme wala barafu. Kimepelekwa kwenye majaribio katika mkoa wa Mara, ili mtu wa kijijini mwenyewe, aliyefundishwa kuchanja, akae na chanjo nyumbani na kuita mbwa wakati wowote wa mwaka. Unamwagia maji, unakiweka kivulini mahali penye upepo, unasoma kipimajoto. Jirani akipata watoto wa mbwa, anawaleta.